Nionyeshe Warushaji Wako

Agosti 1997, mjini Colombo, Sri Lanka ilipiga mikimbio 952, yaani pointi za kriketi, kwa wiketi sita (wapigaji sita tu wametolewa) dhidi ya India. Hakuna timu iliyopata kufikisha idadi hiyo katika zamu moja ya kupiga ya mechi ya Testi, kriketi ya siku tano, si kabla wala baada. Sanath Jayasuriya alipiga 340, Roshan Mahanama akapiga 225, na wakiwa pamoja waliongeza mikimbio 576. Mechi iliisha sare.

Ukiwauliza mashabiki wa kriketi ni timu ipi bora katika Testi, ya leo au ya zamani, karibu wote watakimbilia wapigaji. Mmoja atamtaja Virat Kohli, wa pili Joe Root, mwenye umri mkubwa zaidi atamleta Viv Richards, na anayetaka kuumaliza ubishi atamtoa Don Bradman mfukoni na wastani wake wa mikimbio 99.94 kwa kila kutolewa. Huku kwetu nadhani tabia hiyo tumeichukua kwenye kandanda. Huko anayefunga mabao ndiye mfalme, na mikimbio kwenye ubao inafanana sana na mabao. Lakini bao ni bao, likiingia limeingia. Mikimbio 952 haikuipa Sri Lanka hata ushindi mmoja.

Sababu iko ndani ya sheria za mchezo. Katika kriketi ya ova 50 au 20 (ova moja ni mipira sita), zamu ina mwisho wake: ova zikiisha, unahesabu nani kapiga zaidi. Testi haina mpaka huo. Kila timu hupiga mara mbili katika siku tano, na zamu haiishi mpaka wapigaji 10 wametolewa au nahodha ameamua mwenyewe kuifunga. Usipowatoa wapinzani wako mara mbili, yaani wiketi 20, jua la siku ya tano litazama na wewe na mikimbio yako mtakwenda nyumbani na sare. Vighairi vipo. Mwaka 1984 pale Lord's, London, nahodha wa Uingereza David Gower alifunga zamu ya pili wiketi moja ikiwa imebaki, akawaachia West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, mikimbio 342 ya kutafuta siku ya mwisho. Gordon Greenidge akapiga 214 bila kutolewa, na West Indies wakashinda kwa wiketi tisa, yaani mpigaji wao mmoja tu ndiye aliyetolewa. Huo ni ushindi wa kutoa wapinzani 19 tu. Lakini ni makapteni wachache waungwana kiasi hicho.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Usiniambie nani anapiga. Niambie nani anarusha, na kama warushaji hao wanaweza kutoa watu 20 wakiwa ugenini, kwenye pichi, ukanda wa ardhi mpira unapodundia, ambayo si wao walioitengeneza. Ukishika kipimo hicho, majina mengi makubwa yanapungua, na mengine ambayo hayatajwi sana yanapanda.

Tuanze na West Indies, maana hakuna ubishi wa timu bora usiowagusa. Kati ya mwaka 1980, walipofungwa New Zealand kwa hasira nyingi na vurugu kidogo, na mwaka 1995, walipofungwa nyumbani na Australia ya Mark Taylor, hawakupoteza mfululizo hata mmoja wa mechi za Testi, yaani mechi kadhaa dhidi ya mpinzani mmoja. Miaka 15. Mifululizo 29. Mwaka 1984 walikwenda Uingereza wakashinda mechi zote tano.

Watu husimulia timu ile kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Haikuwa hivyo. Msimu wa 1975-76, nahodha Clive Lloyd aliipeleka timu yake Australia, ikapigwa 5-1. Ilikuwa na wapigaji wazuri tayari: Richards, Greenidge, Kallicharran, Fredericks, na Lloyd mwenyewe. Kilichowamaliza ni Dennis Lillee na Jeff Thomson, warushaji wawili wa kasi ambao hawakuwapa nafasi ya kupumua. Miezi michache baadaye, Aprili 1976, Lloyd akiwa nyumbani Port of Spain alichagua warushaji watatu wa spini, yaani mpira wa polepole unaozungushwa, akaitegea India mikimbio 403. India ikaipiga yote, ikabaki na wiketi sita mkononi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa karibu na muujiza.

Lloyd hakurudia. Kutoka hapo akajenga timu juu ya warushaji wanne wa kasi. Andy Roberts, Michael Holding, Joel Garner, Colin Croft. Kisha Malcolm Marshall. Kisha Curtly Ambrose na Courtney Walsh. Ujanja haukuwa kasi peke yake. Timu nyingi zilikuwa na mrushaji mmoja wa kasi, na mpigaji alijua kwamba akivumilia ova zake sita au saba atapata ahueni kwa mwenzake. Kwa Lloyd ahueni haikuwapo. Marshall akichoka anakuja Garner, mtu wa futi 6 na inchi 8, mpira ukishuka kama unatoka ghorofani. Garner alimaliza na wiketi 259 kwa wastani wa 20.97 (mikimbio aliyotoa kwa kila wiketi; ikiwa michache ndiyo bora), Marshall 376 kwa 20.94, Ambrose 405 kwa 20.99. Sijui timu nyingine ambayo mrushaji wake wa tatu alikuwa mzuri kuliko mrushaji wa kwanza wa karibu kila timu nyingine duniani.

Na walikuwa hivyo kila mahali. Julai 1984 pale uwanja wa Headingley, Leeds, Marshall alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alirudi kupiga kwa mkono mmoja ili Larry Gomes apate kufikisha mia yake, halafu akachukua mpira, plasta mkononi, akawatoa Waingereza saba kwa mikimbio 53. Hiyo ni hadithi ya ushujaa, sawa, lakini ni hadithi ya mrushaji. Hata sheria iliwasogelea: mwaka 1991 iliwekwa kanuni ya mpira mmoja tu wa kuruka juu ya mabega kwa kila mpigaji katika ova moja, na kila mtu alijua nani anayelengwa.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapo ndipo ubishi wa wapigaji unapovunjika. Ambrose alistaafu mwaka 2000, Walsh mwaka 2001 akiwa na wiketi 519. Visiwa ni vilevile, na wapigaji hawakukauka. West Indies walikuwa na Brian Lara, aliyemaliza na karibu mikimbio 12,000. Walikuwa na Shivnarine Chanderpaul, 11,867 kwa wastani wa zaidi ya 51. Walikuwa na Chris Gayle, aliyepita 300 mara mbili. Hao watatu wangeingia kwenye timu nyingi za kihistoria bila kuuliza bei. Na West Indies wakageuka kuwa timu ya kufungwa.

Mwishoni mwa 2001 Lara alikwenda Sri Lanka akapiga mikimbio 688 katika mechi tatu. West Indies walifungwa zote tatu. Aprili 2004, Antigua, akapiga 400 bila kutolewa, rekodi ambayo bado imesimama. Mechi ikaisha sare, na Uingereza ikaondoka na mfululizo 3-0. Nampenda Lara kuliko mpigaji yeyote niliyemtazama, na ndiyo maana takwimu hizo naziona zinauma. Hakuna ushahidi safi zaidi ya huo: watu walewale, utamaduni uleule wa mchezo, mpigaji bora wa zama zake yupo, ila warushaji wameondoka.

Neno ugenini nalo linahitaji kukaziwa. Kila nchi hutengeneza pichi inayowafaa watu wake. Australia na Afrika Kusini mpira huruka juu. Uingereza hewa nzito huupinda. India na Sri Lanka vumbi huanza kutoka siku ya pili na mpira wa spini huuma. Mrushaji anaweza kuwa mfalme nyumbani akawa raia wa kawaida akivuka bahari. Muttiah Muralitharan ana wiketi 800, na sidhani kama kuna atakayezifikia, lakini kule Australia alipata 12 tu, kwa wastani wa 75. Shane Warne, ambaye wengi tunamweka juu ya wote, India walimpiga mpaka wastani wake huko ukafika 43. Australia ilipokuja kushinda mfululizo India mwaka 2004, baada ya kusubiri miaka 35, kazi kubwa zaidi ilifanywa na warushaji wa kasi. Jason Gillespie alipata wiketi 20.

Hapo ndipo India ya kati ya 2013 na 2024 inapokuwa swali gumu. Walishinda mifululizo 18 ya nyumbani mfululizo, rekodi ya dunia, wakiongozwa na spini ya Ravichandran Ashwin na Ravindra Jadeja. Mashabiki wao husema hiyo inatosha. Mimi nasema nusu yake tu inatosha, na nusu nyingine walijipatia Australia, waliposhinda mifululizo miwili mfululizo, 2018-19 na 2020-21. Huo wa pili husimuliwa kama hadithi ya Rishabh Pant na 89 zake pale Gabba, Brisbane, uwanja ambao Australia haikuwa imefungwa tangu 1988. Ni kweli Pant alimalizia kazi. Lakini tazama nani walioianza. Jasprit Bumrah ameumia, Ashwin ameumia, Jadeja ameumia, Mohammed Shami ameumia. Waliobaki, Mohammed Siraj, Shardul Thakur, Navdeep Saini, T. Natarajan na Washington Sundar, wawili wao wakicheza Testi ya kwanza, walikuwa na wiketi zisizofika 20 wote kwa pamoja. Na wakaitoa Australia mara mbili, 369 na 294. Watu hao ndio walioshinda Gabba. Pant aliwapelekea hundi benki.

Halafu ikaja New Zealand, Oktoba 2024. Ilikuwa imetoka kufungwa 2-0 Sri Lanka, Kane Williamson ameumia hakusafiri, na katika historia yake yote ilikuwa imeshinda Testi mbili tu India. Bengaluru, Matt Henry na William O'Rourke wakaitoa India kwa 46, idadi ndogo kuliko zote India iliyowahi kupata nyumbani. Pune pichi ikatengenezwa kavu kwa ajili ya spini ya wenyeji, na Mitchell Santner akachukua wiketi 13. Mumbai, India ikahitaji 147 kushinda, ikatolewa kwa 121. Ajaz Patel, ambaye alizaliwa mji huohuo, akapata wiketi 11. Tatu kwa bila. Timu iliyofanya hivyo ina warushaji wa kasi na wa spini, na haikujali pichi imeandaliwa kwa ajili ya nani. Wakati huo nilimsikia shabiki mmoja wa India akisema ni bahati mbaya tu. Bahati mbaya mara moja naielewa. Mara tatu, katika miji mitatu na pichi za aina mbili, hapana.

Mtu atanipinga kwa Ajaz Patel huyohuyo, na ana haki. Desemba 2021, katika uwanja uleule wa Mumbai, Wankhede, aliwatoa Wahindi wote 10 katika zamu moja. Ni watu watatu tu katika historia nzima ya Testi waliofanya hivyo, yeye pamoja na Jim Laker na Anil Kumble. New Zealand ikatolewa kwa 62 na kufungwa kwa mikimbio 372. Kwa hiyo wapigaji wana kazi yao, sikatai. Mikimbio ndiyo inayompa mrushaji muda na ujasiri wa kuweka wadakaji karibu. Ila mechi ile inanifundisha jambo lingine zaidi: mrushaji mmoja si safu ya warushaji.

Kwa hilo mfano bora ni Bumrah. Ndiye wa kwanza kufikisha wiketi 200 za Testi akiwa na wastani chini ya 20. Marshall hakuwahi, Ambrose hakuwahi. Kule Australia msimu wa 2024-25 alipata wiketi 32 kwa wastani wa 13, takwimu zinazofanana na kosa la uchapaji. India ilifungwa 3-1. Australia walijifunza jambo rahisi: mvumilie Bumrah, kula kwa wenzake. Katika mechi ya mwisho, Sydney, mgongo ukamgoma, akashindwa kurusha zamu ya nne, na Australia ikatafuta 162 kwa utulivu na kuipata. Upande wa pili walikuwapo Pat Cummins, Mitchell Starc, Scott Boland na Nathan Lyon. Josh Hazlewood aliumia katikati ya mfululizo na pengo lake halikuonekana, kwa sababu Boland aliingia na kuwa mkali zaidi. Huko ndiko kurudi kwa Lloyd: mpigaji asipate ahueni.

Kuna timu moja ambayo kwenye ubishi huu husahaulika, na kwa sisi wenye ndugu Ghuba inatupasa kuikumbuka. Baada ya basi la timu ya Sri Lanka kushambuliwa Lahore Machi 2009, Pakistan haikucheza Testi hata moja nchini mwake kwa zaidi ya miaka 10. Mechi zake nyingi za nyumbani zilichezwa Abu Dhabi, Dubai na Sharjah, mara nyingi mbele ya viti vitupu, maana wafanyakazi wa Kipakistani waliokuwa wengi mjini walikuwa kazini siku za wiki. Misbah-ul-Haq aliikuta timu hiyo vipande vipande baada ya kashfa ya 2010 ya kurusha mipira ya makosa makusudi kwa malipo, na akaifikisha namba moja duniani Agosti 2016. Mwaka 2012 waliisafisha Uingereza 3-0 pale jangwani, Uingereza hiyohiyo ikiwa namba moja, kwa spini ya Saeed Ajmal na Abdur Rehman. Mwaka 2016 wakaenda Uingereza wakatoka 2-2, Yasir Shah akichukua wiketi 10 Lord's.

Naiheshimu timu ile kupita kiasi. Lakini kipimo ni kipimo. Namba moja yenyewe ilikuja kwa sababu mvua iliharibu mechi ya India na West Indies kule Port of Spain. Na baada ya hapo Pakistan ilikwenda New Zealand ikafungwa 2-0, ikaenda Australia ikafungwa 3-0, ambako spini ya Yasir haikufua dafu. Ilikuwa timu ya warushaji kweli, ila warushaji wa pichi moja.

Kwa upande huo, Afrika Kusini ya Graeme Smith inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Tangu walipofungwa Sri Lanka mwaka 2006 hadi walipofungwa India mwishoni mwa 2015, hawakupoteza mfululizo wowote ugenini. Walishinda Australia mara mbili na Uingereza mara mbili katika kipindi hicho. Watu wanamkumbuka Jacques Kallis na Hashim Amla. Mimi namkumbuka Dale Steyn asubuhi moja ya Aprili 2008 mjini Ahmedabad, India nzima ikitolewa kwa 76, yeye akichukua tano kwa 23. Mrushaji wa kasi, India, katika joto lile. Morne Morkel na Vernon Philander walipokamilisha safu, hakukuwa na mahali pa kujificha. Kwangu ni timu ya tatu bora tangu 1970, nyuma ya West Indies ya Lloyd na Richards, na Australia ya Steve Waugh na Ponting iliyoshinda mechi 16 mfululizo mara mbili.

Hiyo Australia nimeiweka ya pili, na najua wapo watakaokasirika. McGrath wiketi 563, Warne 708, na Gilchrist anakuja kupiga namba saba wakati wewe umeshachoka. Kinachonifanya niiweke nyuma ni India. Mwaka 2001 walifika Kolkata na ushindi 16, wakailazimisha India kupiga tena mara moja baada ya zamu mbovu ya kwanza, kisha V.V.S. Laxman akapiga 281, Rahul Dravid 180, siku nzima ya nne bila wiketi kuanguka. Siku ya tano Harbhajan Singh akawamaliza. Kila mtu anaikumbuka 281. Harbhajan alipata wiketi 13 katika mechi ile na 32 katika mechi tatu za mfululizo, na bila hizo Laxman angebaki na sare nzuri ya kusimulia. West Indies ya Lloyd ilikwenda India mwaka 1983 ikashinda 3-0, Marshall akipata wiketi 33.

Tukija kwenye ya leo, jedwali la Ubingwa wa Dunia wa Testi, ulioanza mwaka 2019, halisaidii sana. Kila timu hucheza mifululizo sita kwa miaka miwili, mitatu nyumbani na mitatu ugenini, lakini si dhidi ya watu walewale wala idadi ileile ya mechi. Katika mzunguko wa 2023 hadi 2025 Uingereza ilicheza mechi 22, Afrika Kusini 12. Afrika Kusini haikukutana na Australia wala Uingereza mpaka fainali. Na Februari 2024, ligi yao ya ova 20 ikiwa inaendelea, wachezaji wao wakubwa walibaki nyumbani, wakapeleka New Zealand timu ya watu wengi wapya chini ya Neil Brand, nahodha aliyekuwa akicheza Testi ya kwanza. Wakafungwa 2-0. Kwa bodi isiyo na fedha za India, Uingereza au Australia, ligi ya ova 20 ndiyo inayolipa mishahara, na Testi inasubiri mlangoni. Hili mashabiki wa nchi tatu tajiri wanapenda kulisahau wanapohesabu pointi.

Kwa hiyo Afrika Kusini walipofika Lord's kwa fainali Juni 2025 waliambiwa wamepita njia ya mkato. Kagiso Rabada akachukua wiketi tisa, Aiden Markram akapiga 136 katika zamu ya nne, nahodha Temba Bavuma akachechemea mpaka 66 na msuli wa paja umemkaza, na Australia ikafungwa kwa wiketi tano. Bado wakasema ni mechi moja tu. Sawa. Novemba mwaka huohuo wakaenda India bila Rabada, aliyekuwa majeruhi. Kolkata, India ilihitaji 124, ikatolewa kwa 93. Guwahati, ikafungwa kwa mikimbio 408. Simon Harmer, mrushaji wa spini mwenye umri wa miaka 36, alipata wiketi 17 katika mechi mbili, na Marco Jansen, kasi ya mkono wa kushoto, akapata sita katika zamu ya kwanza ya India kule Guwahati. Rabada, Jansen, Harmer, Keshav Maharaj: wapeleke Perth, wapeleke Leeds, wapeleke Chennai. Sioni timu nyingine leo yenye jibu kwa kila pichi namna hiyo. Australia ina safu bora zaidi kwenye karatasi, ila imezeeka pamoja.

Na sisi je? Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, ikaanza kugonga mlango wa hadhi ya Testi, yaani ruhusa ya kucheza mechi hizo, mlango haukufunguliwa. Njiani kwenye mashindano yale iliifunga Bangladesh, nchi iliyokuwa imepewa hadhi hiyo miaka mitatu kabla. Uchungu huo bado upo Nairobi, na naelewa. Lakini tazama walichopitia Bangladesh. Katika Testi yao ya kwanza, Novemba 2000 dhidi ya India, Aminul Islam alipiga 145 na timu ikafika 400. Wakafungwa kwa wiketi tisa. Ushindi wa kwanza ulikuja Januari 2005, katika mechi yao ya 35. Afghanistan, walioingia na warushaji wa spini kwanza na wapigaji baadaye, walishinda Testi yao ya pili, na miezi sita baadaye Rashid Khan akaenda Chattogram akachukua wiketi 11 na kuifunga Bangladesh nyumbani kwake.

Kenya ya 2003 ingefuata njia ipi kati ya hizo mbili? Ilikuwa na Steve Tikolo, mpigaji ambaye angepata nafasi katika timu kadhaa za Testi za wakati ule. Thomas Odoyo na Martin Suji walikuwa warushaji wa kujitumainia katika ova 10 kila mmoja. Wa kuwatoa watu 20 alikuwa mmoja tu, kijana wa spini, Collins Obuya, aliyeichana Sri Lanka pale Nairobi kwa wiketi tano, akitoa mikimbio 24 tu. Nchi haikuwa na ligi ya mechi za siku tatu au nne ambako angejifunza kurusha ova 25 kwa siku na kumnasa mpigaji aliyekwisha mzoea. Obuya akageuka kuwa mpigaji. Kombe la Dunia la 2011, mjini Bengaluru, alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, na Kenya ikafungwa kwa mikimbio 60.